Viwanda viandike majina ya vitundu hivyo
Ruta ya Wi-Fi inawaka taa lakini haitoi intaneti. Kasaji, wengi wataitupa au kuituma Kolwezi. Ipo njia ya tatu. Kwenye bodi yake mara nyingi kuna vitundu vinne vya mstari, bila jina, ambavyo kiwanda kilivitumia kuipima. Kwa multimita, fundi hutafuta kwanza masi, ruta ikiwa imezimwa. Akiiwasha, kitundu ambacho volti zake zinachezacheza ndicho kwa kawaida kinachotoa ujumbe. Kiadapta cha USB cha volti 3.3 huupeleka kwenye kompyuta, na mara nyingi kosa linasomeka.

Watengenezaji hudai wanaficha kwa usalama. Lakini mwizi anayefungua ruta yako kwa bisibisi amekwisha kuingia nyumbani! Anayefungiwa nje ni fundi. Waandike majina, na shule za ufundi za Lualaba zifundishe upimaji huu.