Raha ya Kusoma Itangulie Maswali

Kila tunapokwenda kuwatazama wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tunaketi nyuma ya darasa, na mara nyingi tunaona jambo lile lile. Mwanachuo hufungua kitabu cha hadithi, husoma aya mbili, kisha huugeukia ubao na kuandika: Nani? Wapi? Kwa nini? Watoto waliokuwa wamekaza macho hulegea papo hapo. Tunasadiki kuwa chanzo cha kosa hili ni kimoja: mwalimu mwenyewe hana mazoea ya kusoma kwa kujifurahisha. Basi tunawashauri wanachuo wajizoeshe aina mbili za maandishi ambazo wengi huzikimbia, nazo ni hadithi ndefu za mambo ya ajabu na mashairi yaliyobeba historia.

Wapo wasemao kwamba visa vya majini na nchi zisizokuwapo humpotosha mtoto. Hao tunawaomba wakisome kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952. Humo mtawala mwema ana nyani wawili ambao huwachapa kila usiku. Mtoto akisikia hayo hana haja ya kushurutishwa. Atataka kujua nyani hao ni nani na wametenda nini. Atakapogundua ya kuwa ni ndugu wa mtawala huyo, waliogeuzwa kwa sababu ya husuda na hiana yao, atakuwa ameuonja ubaya wa wivu bila ya kuhubiriwa. Vivyo hivyo Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, enzi za ukoloni. Nchi yake inaelea hewani, lakini kesi ya Karama inahusu sheria na haki, mambo yanayotukabili sisi tukanyagao ardhi.

Ama mashairi ya kale, yanalaumiwa kwa ugumu. Tuchukue mfano wa Kizimbani. Mtoto wa hapa anaifahamu mikarafuu tangu utoto wake, na shuleni hufundishwa kwamba Seyyid Said alikikuza kilimo cha karafuu Unguja katika karne ya 19. Kwake jina hilo ni la kukariri tu. Lakini wakati ule ule, huko Mombasa, aliishi malenga Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Katika mashairi yake aliwaunga mkono Mazrui, watawala wa mji wake, dhidi ya Seyyid Said huyo huyo, ambaye hatimaye aliwashinda mwaka 1837. Mwalimu akighani beti mbili tatu za ugomvi huo, darasa litasikia sauti ya mtu aliyekuwapo, mwenye kujigamba na kukejeli, na jina lililokuwa la kukariri litapata uhai.

Hatukatai kwamba Kimvita cha Muyaka kina maneno mageni kwa mtoto wa Unguja, wala kwamba malenga huegemea upande wake. Kwa ajili hiyo mwalimu achague beti chache, afafanue maneno magumu kabla ya kughani, kisha awaulize wanafunzi: mtu wa Unguja wa zama zile angalimjibu nini? Wajaribu kutunga ubeti wa majibu. Kujibizana kwa mashairi ni desturi yetu ya tangu zamani, na katika kuutafuta ubeti huo watajifunza kwamba habari za kale zina pande zaidi ya moja.

Kwa hadithi, mwalimu aisome kwanza nyumbani, hata mara mbili. Darasani aisome kwa sauti, asimame pale penye hamu kubwa, afunge kitabu mpaka kesho. Maswali yangoje hadithi imalizike.

Mtatuambia kuwa muhtasari ni mrefu na mtihani unangoja. Ni kweli. Lakini mtoto mwenye shauku ya kujua mwisho wa hadithi husoma hata kurasa ambazo hakuamrishwa, na huyo hatishwi na ufahamu wa mtihani.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi yajayo, kila mmoja wenu na achague hadithi moja na shairi moja ambalo angelisoma hata kama asingekuwa na darasa la kufundisha. Aanze na hayo.