Anayenguruma Hana Pepo

Ndugu wasomaji wa Shinyanga, Kahama, Geita na kila kitongoji ambako ardhi hutobolewa kutafuta dhahabu, nivumilieni leo niseme juu ya watu ambao wengi wetu tukiwasikia hufunga madirisha. Ni waimbaji wa hevi metali, wale wanaonguruma mbele ya maikrofoni kama fahali aliyenyimwa mlango wa zizi. Mimi si shabiki wao. Masikio yangu yamelelewa na rumba na ngoma za mavuno, na nikipewa hiari nitabaki huko huko. Lakini kutopenda ni jambo moja, kuhukumu ni jingine. Na hukumu inayotolewa juu yao majumbani, shuleni na madhabahuni kwetu ni moja: wana mashetani.

Hukumu hiyo naipinga, na naipinga hapa hapa kwetu, kwa sababu sisi watu wa ukanda huu tuna deni.

Tumesahau? Kwa miaka mingi bibi zetu wameuawa kwa mapanga usiku, na ushahidi ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni mbichi na samadi ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, awe na macho ya rangi gani? Hakuna aliyeuliza. Kisha likaja balaa la ndugu zetu wenye ualbino, kwa uongo wa waganga kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14 huko Bukombe, ambayo wakati ule ilikuwa Shinyanga na leo ni Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya kesi kama hizo nchini. Hata hivyo mauaji hayakukoma, na Januari 2015 serikali ikalazimika kupiga marufuku waganga wa ramli chonganishi.

Mtu atasema nakuza mambo, kwamba kijana kukatazwa kuimba si sawa na bibi kukatwa panga. Ni kweli, si sawa hata kidogo. Ila mzizi ni mmoja: kuona jambo geni, kuliogopa, kisha kulipa jina la pepo kabla ya kuuliza linatoka wapi. Jamii iliyokwisha kumwaga damu kwa tabia hiyo haina ruhusa ya kuiendekeza, hata katika jambo dogo kama muziki.

Basi tuulize. Ngurumo ile inatoka wapi?

Inatoka kooni, na madaktari wameiona. Juu ya nyuzi za sauti tunazotumia kusema, kila mmoja wetu ana mikunjo mingine miwili ya nyama ambayo kwa kawaida hukaa kando tunaposema. Kamera nyembamba zilizopitishwa puani mwa waimbaji hawa zimeonyesha mikunjo hiyo ikisogeleana na kutetemeka wakati wa kunguruma. Ila nguvu yake haitoki kooni. Ni pumzi inayosukumwa kutoka chini ya mbavu, taratibu na kwa kipimo. Anayelazimisha koo peke yake hukauka sauti kabla ya wimbo wa pili, na akiendelea huota vijinundu kwenye nyuzi za sauti. Ndiyo maana kuna walimu wa kazi hii. New York yuko mama mmoja, Melissa Cross, ambaye tangu mwaka 2005 mafunzo yake ya kupiga ukelele bila kuumia yanauzwa kwa video. Na jambo hili halikuanza na gita la umeme. Huko Afrika Kusini wanawake wa Kixhosa wana uimbaji wao wa kunguruma, umngqokolo, ambao mabibi huwarithisha wajukuu. Mabibi hao wangezaliwa kwetu, sijui wangefikia uzee.

Sasa nimlete mtu mwenyewe, maana mawaidha bila mfano ni maneno ya baraza tu. Yuko Mkenya aitwaye Martin Kanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart. Alianza katika bendi iliyoitwa Lust of a Dying Breed, miongoni mwa vijana wachache wa Kenya waliokuwa wakipiga metali bila redio kuwajali. Mwaka 2019 yeye na Sam Karugu, aliyetoka bendi nyingine ya aina hiyo, Seeds of Datura, waliunda kundi la watu wawili, Duma. Karugu aliacha gita la besi akashika gita la kawaida na mitambo. Kanja akabaki na koo lake. Walikwenda Kampala wakajifungia studio miezi mitatu kurekodi, na Agosti 2020 albamu yao ikatoka, ikiwa na jina lile lile la kundi. Ulimwengu ulikuwa umefungwa kwa Korona. Hata hivyo wahakiki wa Ulaya na Marekani waliisikiliza na kuisifu, na njia zilipofunguka Kanja akaonekana kwenye majukwaa ya Ulaya.

Tazameni alichofanya baadaye. Hakubaki mtumishi wa studio za watu. Alianzisha lebo yake mwenyewe, Haekalu, na Aprili 2024 akatoa kwa lebo hiyo albamu yake ya kwanza ya peke yake, The Adept. Huyo ndiye tunayeambiwa amepagawa! Mtu aliyepagawa haanzishi kampuni. Isitoshe, Kanja hujitaja kuwa kitukuu wa Muthoni wa Kirima, yule mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha jemadari msituni na kuishi hadi 2023. Mkoloni naye alikuwa na jina la watu wa msituni. Aliwaita washenzi waliolishwa viapo vya kishetani, na kwa jina hilo akajiona huru kuwafunga makambini.

Studio iliyowarekodi Duma ni ya Nyege Nyege, jina ambalo sisi Waswahili hulitamka tukitazama pembeni, ingawa kwa Waganda ni ule mshawasha wa kucheza unaomfanya mtu ashindwe kutulia. Watu hao huandaa tamasha kubwa huko Jinja. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku, kisha baada ya siku chache likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 Bunge likataka lisifanyike, na waziri mkuu akaliruhusu, tena kwa masharti. Mara mbili wakubwa walikataza kwanza wakafikiri baadaye. Je, haikuwa bora kuanza na yale masharti?

Lakini kwa nini niende Jinja, wakati Bujora ya Usukumani iko mlangoni? Wasukuma tunajua vizuri sana habari ya mwimbaji kudhaniwa ana nguvu za giza. Pande mbili za ngoma zetu, Bagika na Bagalu, zinatokana na watu wawili, Ngika na Gumha, ambao masimulizi yanasema walikuwa mabingwa wa dawa kabla ya kuwa mabingwa wa kucheza. Tangu hapo, baada ya mavuno, pande hizo hupambana uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ningi, yaani manju, akishinda, watu husema dawa yake kali. Akishindwa, amerogwa. Miezi yote aliyokaa shambani akitunga huku jembe likienda, akijaribu mstari na kuutupa, haihesabiwi. Tumezoea kuheshimu dawa kuliko jasho, na hilo ndilo gonjwa letu hata machimboni: mtu akipata mawe mazuri, hasifiwi kwa kuusoma mwamba, huulizwa mganga wake nani.

Wamisionari wengi walizichukia ngoma hizi, hasa ile ya Bayeye wanaocheza na chatu. Nani angewalaumu? Nyoka ni nyoka, na Biblia imeshamsema. Ila miaka ya 1950 padre mmoja Mkanada, David Clement, alifika Bujora akatenda kinyume. Alijenga kanisa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, akakusanya vitu vya mila ambavyo vimekuwa makumbusho, na wacheza ngoma akawaalika katika sikukuu ya Ekaristi, ile tunayoiita Bulabo. Mpaka leo Bagika na Bagalu hushindana hapo, nyoka na fisi wakiwemo, na sijasikia kwamba imani ya mtu imemezwa na chatu. Wachungaji wanaohubiri dhidi ya magita wangefanya vyema kumkumbuka padre yule.

Sifichi kwamba zipo bendi za metali zinazochora mafuvu na kugeuza misalaba juu chini. Mzazi anayeliona hilo kwenye fulana ya mwanawe ana haki ya kuuliza, na kijana ana wajibu wa kujibu kwa adabu. Mengi ni maigizo ya kutisha, kama vinyago vya ngoma. Yaliyo matusi ya kweli kwa dini za watu, mimi nayakataa. Ila kuuliza ndiko ninakokutaka. Kuchoma fulana hakumfundishi mtu kitu.

Kwa wale wanaosema muziki huu hauna uhusiano na watu wa kazi, someni habari za Zambia. Katika Ukanda wa Shaba, mjini Kitwe, vijana wa miaka ya 1970 walipiga rock nzito iliyokuja kuitwa Zamrock, binamu wa karibu wa metali. Bendi iliyovuma ilijiita WITCH. Ndiyo, Mchawi! Mwimbaji wake ni Emanuel Chanda, ambaye watu walimwita Jagari kwa kumfananisha na mwimbaji Mwingereza Mick Jagger. Walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1972. Kisha bei ya shaba ikaanguka, nchi ikakauka fedha, UKIMWI ukawachukua wengi wa wenzake wa awali. Jagari akawa mlokole, tena akawa mchimbaji wa vito, akiingia shimoni kwa nyundo na matumaini kama mchimbaji yeyote wa kwetu Nyarugusu au Rwamagasa. Miaka ikapita, watu wa ng'ambo wakazifufua santuri zake, wakamtafuta, na mwaka 2023 akiwa na zaidi ya miaka 70 akatoa albamu mpya kwa jina la bendi ile ile. Mlokole anayeimba katika bendi iitwayo Mchawi: nani kati yetu angeweza kumhukumu kwa kutazama jina tu?

Na chimbuko lenyewe la metali ni karakana. Birmingham, Uingereza, mwaka 1965, kijana Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki aweze kushika nyuzi, na bendi yake, Black Sabbath, ikatoa albamu ya kwanza Februari 1970. Mwimbaji wake, Ozzy Osbourne, alikuwa amefanya kazi machinjioni na kufungwa kwa wizi. Hakunguruma, aliimba kwa sauti kavu ya juu. Nanyi vijana, hapa ndipo ninapowageukia ninyi. Mwaka 1979 wenzake walimfukuza Ozzy kwa ulevi na dawa za kulevya, na kwa miongo kadhaa pombe ilimfuata. Julai 5, 2025 aliwaaga mashabiki akiimba ameketi, kwa sababu ugonjwa wa Parkinson ulimnyima miguu, na Julai 22 akafariki. Usichukue chupa yake ukadhani umechukua sauti yake.

Kijana wa Katoro au Kakola unayejifunza kunguruma usiku baada ya zamu ya karasha la kusaga mawe, mwalimu wako wa kwanza ni pafu, na pafu unaliua mchana. Vumbi la mawe yanaposagwa makavu huganda ndani ya mapafu, halitoki kwa maziwa wala kwa konyagi, na hufungulia mlango kifua kikuu. Kitambaa cha pua hakitoshi. Dai mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa, vaa barakoa ya kweli, na ukikohoa majuma mawili nenda ukapimwe. Kunywa maji, lala, usingurume ukiwa na mafua. Ukipata mtu wa kukurekodi, usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Mkumbuke Kanja aliyetaka lebo iwe yake.

Nawe mzazi, mwanao akinguruma chumbani, usimpeleke kwa mganga wala usimwite mchungaji amkemee. Gonga mlango, muulize anaimba nini, na kama kelele imezidi mwambie apunguze kama ungemwambia mpiga redio. Walimu nao waache kuandika neno hilo la mashetani kwenye ripoti za shule.

Ombi langu la mwisho naliweka kwa maofisa utamaduni wa halmashauri zetu. Kila mwaka Geita hufanya maonesho ya teknolojia ya madini pale Bombambili, na jukwaa la burudani huwekwa. Wasanii wa Bongo Fleva hupewa, kwaya hupewa, ngoma hupewa. Mwaka huu wapeni vijana wa magita mazito jioni moja, mapema kabla watoto hawajalala, na wazazi wawepo. Wasikilizwe kwanza, ndipo wahukumiwe.