Kompyuta Haifi kwa Kuhama Nyumba

Wasee, leo naongea na wale waliohama, wakabonyeza pawa, skrini ikabaki nyeusi, kisha mtu akawaambia "bodi imekufa." Msikubali kabla hajawaonyesha.

Hebu tufikirie. Ijumaa mashine ilikuwa inawaka vizuri pale Bulla Pesa. Jumamosi imebebwa kwa mkokoteni mpaka Kiwanjani. Jumapili haiwaki. Kwani ni nini kimebadilika hapo katikati? Haikuchomwa na stima, maana haikuwa kwenye stima. Ilitikiswa tu. Barabara ya Moyale ni lami safi, sawa, lakini ukiingia mtaani ni mawe na vumbi. Kitu kikitikiswa hulegea. Hesabu hiyo haihitaji diploma.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia bodi yangu imeungua bila hata kufungua kifuniko. Nikafungua mwenyewe palepale kwa kaunta yake. RAM ilikuwa imeinuka upande mmoja. Nikaisukuma, mashine ikawaka. Na bado akaniitisha pesa ya "kuangalia"! Kuangalia nini sasa?

Shida si pesa peke yake. Bodi nyingine itaagizwa Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa, na wewe unangoja. Hiyo wiki kazi ya mteja imelala, video haijatoka, asainmenti imechelewa. Mbaya zaidi, ukimwachia mtu mashine bila maswali, anaweza kufomati diski na picha zako zote ziende. Yote hayo kwa sababu ya kitu cha kusukuma na kidole.

Kwa hivyo anza wewe. Chomoa waya wa stima ukutani, kisha bonyeza pawa sekunde kumi hivi kumaliza chaji iliyobaki. Fungua kifuniko cha pembeni. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Toa RAM, ipanguse, irudishe mpaka usikie "tak." Sukuma nyaya za pawa zinazoingia kwenye bodi, na zile za diski. Kama una kadi ya grafiki, waya wa skrini uingie kwenye kadi, usichomeke kwenye bodi. Hapo wengi hukwama, feni inazunguka na skrini haionyeshi kitu.

Ikiwaka lakini iseme haioni diski, na saa imerudi miaka ya nyuma, angalia kale kabetri ka duara, CR2032. Kakiisha, mashine ikikaa bila stima inasahau mipangilio yake. Weka kapya, halafu ingia kwenye mipangilio uichagulie tena diski ya kuwakia.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujachomeka chochote. Pawa saplai zingine za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240. Swichi ikiguswa kwenye mizigo ikaenda 115, hapo kweli utalia. Na hiyo pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, inashika chaji hata ikiwa imechomolewa. Ukisikia harufu ya kuungua, simama hapo.

Mtaniambia, "Wewe unawaharibia mafundi kazi." Hapana. Fundi wa kweli hufungua mbele yako, hujaribu na RAM nyingine, hujaribu na pawa saplai nyingine, ndipo anataja bodi. Huyo mlipe vizuri na umtumie wateja. Ninayempinga ni yule anayesoma ugonjwa kwa kuangalia sura yako, akiona huelewi kitu, bei inapanda.

Na sisi ndio tunamlisha. Simu tunajua kila kona yake, lakini kasha la kompyuta tunaliogopa kama lina nyoka ndani. Mashine ni yako, ulijinyima ukainunua. Fungua uone. Ukishindwa, mpelekee fundi, lakini akisema imekufa, mjibu neno moja: "Nionyeshe."