Soriasisi haiambukizi, tuache kuwatenga wagonjwa

Kinyozi akiona magamba meupe kichwani mwa mteja, huweka mashine chini. Woga huo hauna msingi. Soriasisi haiambukizwi kwa kugusana wala kwa kitana. Kinga ya mwili ndiyo inayokosea na kuchochea ngozi: seli zinazojijenga upya kwa takriban mwezi mmoja hufanya hivyo kwa siku chache, zikarundikana.

Baadhi hurithi hali hiyo, kisha vichocheo huuamsha ugonjwa: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, sigara, pombe, unene uliopitiliza, majeraha ya ngozi na baadhi ya dawa, ikiwamo klorokwini.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuhangaika na krimu kali za dukani zenye steroidi, ambazo zikiachwa ghafla huweza kuuzidisha.

Serikali iwanoe wahudumu wa zahanati waitambue mapema, hasa kwenye ngozi nyeusi, ambako mabaka huonekana ya zambarau au kijivu badala ya mekundu. Utaalamu upo nchini. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hufundisha madaktari wa ngozi. Ushuke hadi vijijini.