Kabla hujakubali oveholi, lipia kwanza ukaguzi

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo siandiki habari za viuatilifu. Naandika habari za pikapu, kwa sababu mazao yasiyofika sokoni ni hasara sawa na mazao yaliyoliwa na viwavi.

Msimu uliopita wa vitunguu pikapu yangu ya dizeli ilianza kukosa nguvu. Tambarare ilikwenda vizuri, lakini ikipanda mlima na mzigo ilififia mpaka narudi gia ya kwanza. Niliipeleka gereji. Fundi alinisikiliza dakika mbili akasema nozeli zimekufa. Tukabadilisha, na mlima ukabaki ule ule. Akasema basi injini imechoka, inataka oveholi. Wakati huo magunia yangu na ya jirani zangu yalikuwa kando ya barabara chini ya turubai, na mawingu yanakusanyika.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja dereva wa lori. Aliuliza swali moja tu: "Filta ya dizeli umebadilisha lini?" Sikuwa na jibu. Tulipoifungua ikatoa maji na uchafu mweusi. Tukafunga mpya, tukatoa hewa kwenye mipira ya mafuta kwa pampu ya mkono, na jioni ile pikapu ikapanda mlima na mzigo wake. Fedha ya nozeli haikurudi.

Nilimlaumu sana fundi yule. Lakini nikifikiri vizuri, naona kosa kubwa ni letu wenye magari. Tunakubali kulipia spea na kazi ya kuifunga, ila fundi akisema "nipe elfu kumi nilikague kwanza", tunamwona tapeli. Hivyo tumewafundisha mafundi kwamba mkate wao uko kwenye kubadilisha, si kwenye kutafuta. Maoni yangu ni haya: tulipie ukaguzi peke yake, kama tunavyolipia kupima udongo kabla ya kununua mbolea.

Na wewe usiende gereji mikono mitupu. Shambani huwa nawaambia mkague jani, shina na mzizi kabla ya kupiga dawa. Kwenye gari la dizeli, kagua haya:

- Moshi mweusi mzito: mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa, hasa kwa barabara zetu za vumbi. Kama gari lina turbo, angalia pia mpira wake wa hewa kama umepasuka au umelegea. Hapo ndipo ufikirie nozeli.
- Moshi wa bluu: injini inaunguza oili. Pima oili kwa kijiti kila asubuhi uone inavyopungua.
- Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiendelee na safari, na usifungue rejeta ikiwa ya moto.
- Nguvu inakwisha kwenye mzigo bila moshi wa ajabu: shuku mafuta hayafiki. Filta imeziba, au mpira unavuta hewa.
- Injini inalia kwa nguvu lakini gari haliongezi mwendo: hiyo ni klachi inateleza. Injini haina kosa.
- Gari zito, na tairi moja lina joto kuliko mengine: breki inashika.

Andika kwenye daftari: tatizo lilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, na mzigo au bila mzigo, mafuta ulinunua wapi, filta ilibadilishwa lini. Fundi mzuri atashukuru. Asiyetaka kusoma, mwogope.

Najua wapo watakaosema mkulima si fundi, aache kazi za watu. Ni kweli, na sisemi ufungue injini mwenyewe. Magari mapya ya dizeli yana presha kubwa sana kwenye mabomba ya nozeli. Kulegeza nati injini ikiwa inawaka kunaweza kukuumiza vibaya. Hata taa ya injini ikiwaka na fundi akaunganisha mashine ya kusoma makosa, ile namba inaonyesha eneo la tatizo tu. Bado mtu apime kabla ya kununua spea. Kazi yako ni kuona na kueleza; yake ni kupima na kuthibitisha.

Nawaomba mambo matatu mkifika gereji. Muulize fundi, "Umejuaje?" kabla hajashika spana. Mwambieni aanze na vitu vya bei ndogo: filta, mipira, klipu. Na kila spea iliyotolewa mrudi nayo nyumbani.

Mwisho, wanaonunua dizeli ya madumu: iacheni itulie usiku kucha, chujeni, na ile ya chini kabisa msiimimine kwenye tangi. Maji yale yale yaliyonikwamisha mlimani yanaua pampu na nozeli polepole. Filta mpya ni fedha ya debe chache za vitunguu. Pampu ni fedha ya shamba zima.