Tuzipe Namba Zetu Majina

Kumfundisha mtoto kuandika programu ya kompyuta si kazi ya mashine peke yake. Ni kazi ya lugha pia. Anayeandika maagizo yatakayofuatwa na kompyuta huandika vilevile kwa ajili ya binadamu mwenzake atakayeyasoma baadaye, na mara nyingi msomaji huyo huwa ni yeye mwenyewe baada ya likizo. Kwa sababu hiyo nataka kutetea jambo moja tu: kila namba ya kudumu katika programu ipewe jina linaloeleza kazi yake, na jina hilo liwe la namna ambayo likitafutwa hupatikana.

Namba ya kudumu ni ile ambayo programu huitumia bila kuibadilisha wakati inapofanya kazi. Tuchukue mfano wa shule yoyote ya msingi wilayani Mafia, iwe ni Kilindoni, Kirongwe au Jibondo. Tuseme mwalimu ameandika programu ya kutunza mahudhurio, kutoa orodha ya wanaomaliza shule na kusahihisha mazoezi ya hisabati. Katika programu hiyo namba 7 imetokea mahali pengi. Mahali pamoja ni siku za wiki. Mahali pengine ni darasa la mwisho la elimu ya msingi. Na mahali pa tatu ni ile 22/7 tunayoitumia kutafuta mzingo wa duara. Kwa macho zote ni 7, wala hakuna hata moja inayosema inafanya kazi gani.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Mwalimu wetu hana budi kuirekebisha programu yake. Akiiagiza kompyuta itafute 7, italetewa siku za wiki, mzingo wa duara, na hata 17, 70 na 2017. Akichoka akaagiza kila 7 igeuzwe kuwa 6, wiki itakuwa na siku 6, na duara lenye kipenyo cha sentimita 7, ambalo mzingo wake ni takriban sentimita 22, litapewa mzingo unaozidi sentimita 25. Kompyuta haitanung'unika. Itatekeleza makosa hayo kwa utii ule ule inaotekelezea yaliyo sawa.

Lakini kama tangu mwanzo angaliandika DARASA_LA_MWISHO = 7 juu kabisa ya programu, na kulitumia jina hilo kila mahali panapohusika, angalibadilisha mstari mmoja tu.

Hapa yafaa tuangalie kosa linalowapata wengi wanaoanza. Wakiambiwa wazipe namba majina, huandika SABA = 7. Hilo si jina, bali ni namba ile ile iliyoandikwa kwa herufi. Siku thamani itakapobadilika tutasoma SABA = 6, na jina litakuwa limegeuka uongo. Wazee wetu waliosoma kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960 walimalizia darasa la 8. Waliofuata walimalizia la 7. Na sasa inakuja zamu ya la 6. Namba imehama mara mbili, lakini kazi yake ni ile ile: darasa la mwisho. Basi jina lifuate kazi, lisifuate namba.

Watu wa Mafia wanaijua hekima hii baharini. Nahodha anayeingia Ghuba ya Chole kutoka bahari kuu hutaja Mlango wa Kinasi. Maji yajae wakati wa bamvua au yapungue, kina hubadilika, lakini jina la mlango halibadiliki, na kila baharia hujua ni wapi panaposemwa.

Aidha, Kiswahili kina tabia yake ambayo mwalimu hana budi kuizingatia. Maneno yetu mengi hubadilika mwanzoni: mwanafunzi huwa wanafunzi, kiti huwa viti, mtihani huwa mitihani. Mtoto anayetafuta "walimu" katika kamusi hufundishwa aende kwenye "mwalimu". Kompyuta haijafundishwa hivyo. Ukitafuta "mwanafunzi" haitakuletea IDADI_YA_WANAFUNZI. Kwa hiyo darasa likubaliane tangu mwanzo: umoja au wingi, tahajia moja, na maneno kamili badala ya vifupisho. Anayeandika DLM leo, mwezi ujao atauliza maana yake. Yafaa pia kufuata desturi ya waandishi wengi wa programu, yaani herufi kubwa na kistari cha chini kati ya maneno, ili namba za kudumu zitambulike mara moja.

Wapo watakaosema kwamba majina marefu huchosha, na kwamba wanahisabati wametosheka na herufi moja. Ni kweli kwamba William Jones, mwalimu wa hisabati kutoka Wales, alitumia alama ya π mwaka 1706, nayo yatutosha hadi leo. Lakini π inatosha kwa sababu dunia nzima imekubaliana juu yake. Herufi D ya mtoto wa darasa la 5 haijakubaliwa na mtu yeyote, na ukiitafuta utaikuta ndani ya maneno mia.

Ndugu mwanachuo, usidhani kwamba somo hili lazima lingoje kompyuta. Gawa darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lipe maagizo ya daftari la shule yenye namba tupu. La pili lipe maagizo hayo hayo yenye majina. Kisha tangaza kwamba darasa la mwisho sasa ni la 6, na kila kundi lirekebishe maagizo yake. Baadaye waulize swali gumu zaidi: wakati wa mpito, ambapo wengine wanamalizia la 7 na wengine la 6, jina moja litatosha? Waache wenyewe wagundue kwamba yanahitajika majina mawili, moja la mtaala wa zamani na moja la mtaala mpya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba bila jina nayo hupotea vivyo hivyo, na katika daftari la shule inayopotea nayo si hesabu tupu. Ni mtoto aliyesoma miaka yake yote, kisha akakosekana katika orodha ya wanaomaliza.