Tuhesabu saa za kazi kabla ya kununua vizuizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu maegesho ya magari katika miji yetu. Siku hizi penye soko, stendi au hospitali kubwa hutozwa ushuru wa kuegesha, nami siupingi ushuru huo. Ninachopinga ni tabia ya kulinganisha mifumo ya kuukusanya kwa kutazama bei ya mashine tu, bila kuhesabu watu watakaoiendesha.

Mahali ninapoegesha gari langu yupo kijana mmoja mwenye kitabu cha stakabadhi. Hufika saa 12 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni, siku zote 7 za wiki. Wenye eneo wanajisifu kwamba mfumo wao ni wa nafuu kuliko yote kwa sababu unahitaji mtu mmoja. Hebu tupige hesabu. Saa 12 kwa siku 7 ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kwa hiyo kazi ile ni ya watu wawili. Nafuu inayotajwa haitokani na mfumo, inatoka mgongoni mwa kijana yule.

Sasa tutazame lango lenye kizuizi, kama la hospitali, ambalo halifungwi usiku wala mchana. Wiki ina saa 168. Ukizigawa kwa 45 unapata karibu watu 4. Hapo hujahesabu likizo ya siku 28 kwa mwaka, wala siku za kuugua na za misiba. Anayepanga zamu kwa haki ataajiri watu 5 ili kiti kimoja kisikae kitupu. Lango la kuingilia likiwa mbali na la kutokea, na kila moja lina mtu wake, watahitajika 10. Lakini malango hayo yakijengwa pamoja, mashine ikatoa tiketi kwa anayeingia na mtu mmoja akapokea fedha kwa anayetoka, tunarudi kwenye watu 5. Hapo mashine imesaidia kweli, ila imesaidia kwa sababu mchoraji wa ramani alifikiri mapema. Lango likishajengwa mahali pabaya, gharama yake hulipwa kila mwezi katika mishahara.

Wapo watakaosema tuondoe watu kabisa, kizuizi kijifungue chenyewe. Nimewahi kukwama kwenye lango la namna hiyo umeme ulipokatika. Nyuma yangu palikuwa na gari lililobeba mgonjwa. Mlinzi alikuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja, lakini hakuwa na ufunguo wa kukiinua kizuizi. Tulisubiri mpaka mwenye ufunguo alipotafutwa. Tangu siku hiyo naamini kwamba mashine haimwondoi mtu, humbadilishia kazi tu. Lazima awepo fundi, betri ya akiba, na mtu wa karibu mwenye ufunguo.

Maegesho ya kando ya barabara ni jambo jingine, maana hayana lango. Mita ya kwanza ya kuegeshea magari iliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935. London walianza kuzitumia mwaka 1958, na mwaka 1960 wakaanza kuajiri askari maalumu wa kupita mitaani kukagua magari. Mita zilihitaji wakaguzi, wakusanya sarafu na mafundi.

Na sisi tusijidanganye kwamba malipo kwa simu yatamaliza haja ya watumishi. Lazima mtu apite akiandika namba za magari. Tuchukulie kila gari linamchukua dakika moja. Kwa saa moja ataandika magari 60, na mtaa wenye magari 300 utahitaji watu 5 kuyazungukia yote kila saa. Faida ya simu ni nyingine, nayo ni kubwa: fedha haipiti mkononi mwa mtu. Vitabu vya stakabadhi na fedha za kuhesabu jioni hupungua, na vishawishi hupungua pia. Tuichague simu kwa sababu hiyo, tusiichague kwa ndoto ya kufukuza wafanyakazi.

Zipo pia halmashauri zinazoona njia rahisi ni kumkabidhi wakala kila kitu. Jiji la Chicago lilifanya hivyo mwaka 2008. Lilikodisha mita zake zipatazo 36,000 kwa miaka 75 na kupewa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mkupuo. Mwaka uliofuata mkaguzi mkuu wa jiji hilo alieleza kwamba thamani ya mita hizo ilizidi malipo hayo kwa karibu dola bilioni 1 nyingine. Wajukuu wa waliopitisha mkataba ule watakuwa bado wanalipa. Ikiwa jiji tajiri liliuza bila kupiga hesabu, sisi tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Maoni yangu ni haya. Kila halmashauri, kabla ya kuitisha zabuni, iandike kwanza saa ambazo eneo litakuwa wazi, izigawe kwa 45, kisha iongeze watu wa kushika zamu za walio likizo. Ndipo ilinganishe. Uwanja wa soko unaofungwa jioni unaweza kutosheka na watu wawili na stakabadhi halali. Hospitali ijenge lango moja lenye mtu usiku na mchana. Barabarani tutumie simu na wakaguzi wa kutosha. Na wakala akileta bei ya chini sana, aulizwe ana vijana wangapi na kila mmoja anafanya kazi saa ngapi.

Ushuru ni mali ya umma, na kijana anayesimama juani kuukusanya naye ni mmoja wa umma huo.

Mwenye Gari,
Morogoro